Mwezi Uliokwama

2 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi sijambo. Kile kikohozi cha Januari kimeondoka chenyewe bila kuaga. Dukani kazi ni nyingi, maana naona msimu huu watu wote wameamua kukalia miwani yao. Kila anayeleta fremu iliyopinda anaapa kwamba ameikuta hivyo hivyo mezani. Mwenye duka amenihamishia kwenye mashine ya kuchonga lenzi, kwa hiyo siku hizi narudi nyumbani na vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Mwenye nyumba wangu alinipa pole, akidhani nimeanza kazi ya kusaga unga.

Pamoja na barua hii kuna flashi. Usiitupe ukidhani ni kifuniko cha kalamu. Ndani yake kuna atlasi ya mwezi, ya kuwekwa kwenye ile kompyuta uliyopewa kiwandani ulipostaafu. Mwombe jirani yako fundi redio akuwekee. Ukiifungua utauona mwezi kwenye kioo. Inasoma tarehe na saa ya kompyuta, halafu inauchora mwezi kama ulivyo angani jioni hiyo hiyo, upande wa nuru na upande wa giza. Ukibofya kreta yoyote, yaani shimo la mviringo usoni mwa mwezi, inakupa jina lake, upana wake na kina chake. Pembeni kuna vitufe viwili: kimoja kinageuza kulia kuwa kushoto, kingine kinapindua juu kuwa chini, kwa sababu darubini nyingi huonyesha vitu kinyume.

Nina wazo. Wewe una darubini kubwa juu ya paa, mimi nina hii ndogo barazani. Simu haikufai tangu mitambo ya kuchapa ilipokula masikio yako. Basi tutazame mwezi jioni moja, kisha kila mmoja amwandikie mwenzake alichokiona. Tuanze tarehe 17, jua likishazama. Mwezi utakuwa nusu. Zamani ulikuwa ukinibeba nifikie jicho la darubini, sasa nataka nione kama naweza kusimama mwenyewe.

Samahani sikuja likizo. Kazi zilibana. Nisalimie Mama, kama atazipokea salamu zangu.

Mpwa wako,
Bi Maswali


24 Machi

Bi Maswali, mpwa wangu,

Marahaba, na nyingine nakuwekea akiba. Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kila siku na mvua hainyeshi, nimeacha kulisikiliza. Mama yako hajambo, ana mafua kidogo. Salamu zako amezipokea, kwa nini asizipokee? Umeanza lini kuandika kama karani wa mahakama? Tangu marehemu dada yangu alipotuachia wewe ukiwa na meno mawili, huyu mke wangu hajawahi kukuita kitu kingine ila mwanangu. Sasa salamu zako ziombe ruhusa ya kuingia?

Fundi redio alikuja na bisibisi zake zote kana kwamba atlasi inafungwa kwa skrubu. Kompyuta ilikohoa, ikazima, ikawaka. Mwisho wa yote, mwezi huo kwenye kioo, mkubwa kuliko sahani ya kupakulia! Nilikaa mbele yake hadi chai ikapoa.

Tarehe 17 nilitazama kama tulivyopatana. Nusu yako ilikuwa nusu ya mpakuaji mkarimu, imezidi kidogo. Nilichokipenda zaidi ni ile kreta ya Koperniko. Nusu ya sakafu yake ilikuwa imejaa kivuli cheusi kama wino wa pipa, na kuta zimeshuka ngazi kwa ngazi, na katikati vilele vidogo vimetokeza ncha tu. Upana kilomita tisini na tatu. Nimekaa mjini miaka yote hii na mji mzima ungetumbukia humo na nafasi ikabaki.

Usiku mwema, ule vizuri, na usivute hilo vumbi la lenzi.

Mjomba wako

*Wifi yangu, umekaa kimya mno. Mtoto wako hajambo, ila anauliza maswali mpaka sufuria inaungua. Ukipata nafasi njoo umwone.*


4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Kichwa ndicho sikielewi.

Nianze na mwezi. Tarehe 17 hapa anga ilikuwa safi. Niliona Bahari ya Utulivu yote, na kwenye ule mstari unaotenganisha nuru na giza niliona kreta tatu kubwa zilizopangana kama sufuria kwenye kabati la Mama. Koperniko sikuiona. Nilifungua atlasi kwenye kompyuta yangu nikakuta hata yenyewe inasema Koperniko ilikuwa gizani jioni ile, jua la huko halijaifikia. Sasa wewe uliionaje, tena na kivuli na ngazi zake? Tuna mwezi mmoja tu, au huko kwenu wamewaletea mwingine?

Nimewaza, nikapata jibu moja. Darubini yako ina vioo, huenda inageuza kulia kuwa kushoto. Ukigeuza ramani, mahali pa Koperniko panaangukia karibu na kreta nyingine ndogo, Plinio. Labda uliiona hiyo ukaisomea jina la mwenzake. Bonyeza kile kitufe cha kugeuza, ulinganishe tena tarehe 15 Aprili.

La pili. Maneno ya Mama chini ya barua yako nimeyasoma jikoni nimesimama, nikayasoma tena nimekaa. Mimi si wifi yake. Wifi yake alikuwa mama yangu mzazi, naye Mungu amrehemu. Mimi sina mtoto. Kama ni fumbo sijalifumbua, na kama ni dongo limenifikia, ila sijui limenipiga wapi. Ananiambia nije nichukue mzigo wangu? Mzigo gani, Mjomba?

Dukani nimemtengenezea mama mmoja miwani, lenzi ya kulia nikaiweka kushoto. Ndiyo hali yangu ya siku hizi.

Bi Maswali


21 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua imenyesha, goti limejisifu.

Unanifundisha mimi kusoma kinyume? Mtoto wewe, nimepanga herufi za risasi kabla hujazaliwa, kila neno limegeuka kama kwenye kioo, na nilikuwa nikiona kosa la herufi moja kabla msahihishaji hajavaa miwani. Kinyume ndiyo lugha yangu ya kwanza. Hata hivyo nimekutii. Nimegeuza kulia kushoto. Nikapindua juu chini. Nikabonyeza vyote viwili, mwezi ukasimama kwa kichwa, ikabidi na mimi niinamishe shingo, na shingo sasa inaniuma. Nimeurudisha ulivyokuwa.

Tarehe 15 nilitazama. Koperniko ilikuwepo, tena pale pale. Nusu ya sakafu kivuli, ngazi, vilele vimetokeza ncha. Sijui wewe unatazama wapi. Safisha lenzi zako, si ndiyo kazi yako?

Hayo ya wifi ni utani wa mama yako. Usiyachimbe.

Siku hizi mpishi wa nyumba ni mimi. Ndiyo, cheka. Mwanamke aliyepikia shule nzima ameolewa na mtu anayeunguza maji. Nimestaafu, lazima nijifunze kazi nyingine. Pia nimeongeza kufuli la pili getini, wezi wamezidi. Nina ombi dogo: huko kwenu maduka ni makubwa, hebu niulizie kama kuna taa ya kuwaka yenyewe mlango ukifunguliwa. Kengele hainisaidii, unajua masikio yangu. Nataka nikiwa nimelala au nimempa mlango mgongo, nione tu mwanga umewaka nijue mlango umefunguliwa. Ni kwa ajili ya wageni.

Mjomba wako


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Taa nimeipata, iko kwenye kifurushi hiki, vipande viwili: kimoja kinabandikwa kwenye mlango, kingine kwenye fremu. Nimeijaribu kwenye mlango wa choo chetu cha dukani na sasa kila mtu anajua nani ameingia. Lakini wageni gani hao wanaofungua mlango wenyewe bila kubisha, mpaka uwekewe taa?

Habari za mwezi zimenivuruga kabisa. Tarehe 15 nilitazama tena, Koperniko ikawa gizani tena. Nimesafisha lenzi. Nimebadilisha lenzi. Nimeazima darubini ya mteja wetu mmoja, mwalimu wa fizikia, mtu mwenye subira. Akasema, "Binti, hapo pana giza tu. Unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta kreta ya mjomba wangu. Akanitazama kama unavyoniwazia sasa.

Nimeanza hata kujiuliza kama macho yangu ndiyo mabovu, na mimi ndiye ninayepima ya wenzangu.

Safari hii tufanye hivi. Tazama jioni ya tarehe 12 Mei. Sikwambii utaona nini, na wewe usifungue atlasi kwanza. Tazama kwa darubini, uandike, ndipo ufungue. Halafu nisomee kitu kimoja: kwenye pembe ya chini ya atlasi kuna maandishi madogo ya tarehe. Yanasemaje?

Kwenye kile kipande cha karatasi ulichotia ndani ya bahasha pamoja na barua, umeniuliza kwa nini hasa sikuja likizo. Tuyaache hayo, Mjomba. Nitakuja nikijua napokelewa.

Bi Maswali


18 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Taa imefika na inafanya kazi. Fundi redio ameibandika, mwanga wake unaweza kumwamsha maiti. Mungu akulipe, hujui umenisaidia kiasi gani.

Naandika kwa kifupi, kuna kitu jikoni.

Tarehe 12 nilitazama. Anga nzuri. Mwezi ulikuwa umejaa zaidi ya nusu, Koperniko pale pale, kivuli kizuri sana. Nakuambia ukweli, kreta hii imekuwa kama jirani yangu.

Maandishi ya chini nimeyasoma kwa kioo cha kukuzia: 1 Januari 2004. Nadhani ni siku programu ilipotengenezwa.

Napokelewa, napokelewa, ni maneno gani hayo? Nani amekufungia mlango?

Mjomba wako


29 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara kadhaa nikaichana. Nitasema tu.

Tarehe 12 Mei mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha. Hata mtu asiye na darubini, hata anayepita njiani na kichwa kimejaa deni, angeona ukucha. Wewe uliona umejaa zaidi ya nusu.

Ile tarehe uliyosoma si siku programu ilipotengenezwa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya saa, ya mviringo kama kifungo. Ikifa, kila ukiwasha kompyuta inajiona iko siku ile ile ya kwanza. Yako inaamini kila siku ni Januari mosi ya 2004, na atlasi inaamini kompyuta. Kwa hiyo inakuchorea mwezi wa jioni hiyo, Koperniko yako na kivuli chake, leo, kesho na siku zote. Nimerudisha atlasi yangu tarehe hiyo na nimeuona mwezi wako wote. Ni mzuri. Lakini hauko angani.

Hukupanda juu ya paa, Mjomba. Hata mara moja. Kwa nini? Ni goti? Umeanguka? Darubini imeharibika? Ungeniambia ningekuelewa. Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini uniandikie kivuli na ngazi na anga nzuri, kama vile mimi ni mteja anayebembelezwa arudi dukani.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, nimalize. Uliuliza nani amenifungia mlango. Mwaka jana mwezi wa Novemba nilipiga simu ya nyumbani kuwaambia siku ya kuja. Alipokea Mama. Nikasema, "Mama, ni mimi." Akasema, "Mimi nani?" Nikadhani anatania. Nikasema, "Mwanao." Akasema, "Mimi sina mtoto wa kike. Umekosea namba, na usipige tena." Akakata. Sauti yake haikuwa ya hasira, Mjomba, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilijua alinuna nilipochagua kazi ya huku badala ya ile ya karibu na nyumbani. Sikujua alinuna kiasi cha kunifuta.

Sikupiga tena. Yeye ndiye aliyeniambia nisipige.

Sasa niambie mnanificha nini nyie wawili.

Mpwa wako


25 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Kila mwenye kuleta barua akipita hapa dukani natoka nje na mikono yenye vumbi. Kama nimekukosea adabu nisamehe, nilikuwa na uchungu. Andika hata mstari mmoja. Andika hata kuhusu goti.

Bi Maswali


3 Julai

Mpwa wangu, mtoto wetu,

Marahaba. Hukunikosea. Mimi ndiye niliyekaa na karatasi mbele yangu nikaishiwa maneno, mtu aliyechapa maneno ya watu maisha yake yote.

Sikujua habari ya simu. Naapa sikujua. Unajua mimi simu ikilia siisikii, hupokea yeye. Nimesoma barua yako nimesimama getini, nikaingia ndani nikamtazama mama yako, alikuwa anakunja nguo. Anazikunja, anazikunjua, anazikunja. Nikataka kumuuliza kwa nini alikwambia vile. Nikajua hatakuwa na jibu, maana simu hiyo kwake haikuwahi kupigwa.

Mama yako anasahau, Bi Maswali. Si kusahau funguo. Daktari ameliandika jina la ugonjwa kwenye cheti, ni refu, halinisaidii kitu. Ulianza taratibu. Alitia chumvi mara mbili, nikanyamaza. Alimwita fundi redio kwa jina la ndugu yake, tukacheka. Siku nyingine yuko sawa kabisa, ananigombeza kwa kuacha viatu mlangoni, na mimi namshukuru Mungu kwa kugombezwa. Siku nyingine ananiuliza kwa upole kama nimekuja kusoma mita ya maji.

Kwake siku hizi wewe ni mtoto bado. Unalala chumba cha nyuma na unauliza maswali. Msichana mkubwa wa kwenye simu hamjui. Na barua zikija kwa mwandiko wako anadhani zinatoka kwa dada yangu, kwa sababu mwandiko wenu umefanana kama umepigwa muhuri. Ndiyo maana wifi. Niliacha ile barua mezani nikaenda kutafuta bahasha, akaongeza maneno yake. Ningeyaona ningeanza barua upya.

Kuhusu paa. Mwezi wa Februari nilipanda jioni kutazama, jua limetoka kuzama. Kule juu mimi na jicho langu, masikio hayapo. Niliposhuka geti lilikuwa wazi na nyumba tupu. Nilikimbia, na hilo goti. Nilimkuta kwenye lango la kiwanda chetu cha zamani, ameshika kopo la chakula. Mlinzi alikuwa amempa kiti chake. Aliponiona akaniambia, "Umechelewa kutoka leo. Chakula kimepoa." Nimestaafu miaka sita.

Tangu siku hiyo sijapanda. Hata kuoga naoga mlango wazi. Ndiyo kufuli, ndiyo taa ya mlangoni. Wageni hakuna.

Kisha ikaja atlasi yako. Niliifungua na yeye akaja kukaa karibu, na akatulia. Jioni ndiyo saa yake mbaya, anazunguka, anataka kwenda nyumbani na yuko nyumbani. Mbele ya ule mwezi anatulia. Ananionyesha kwa kidole, anauliza, "Hii nini?" Nambofyia, namsomea: Koperniko, kilomita tisini na tatu. Anasema, "Ndefu hiyo." Baada ya muda anauliza tena. Sikugundua kwamba mwezi ni ule ule kila siku. Nilikuwa namtazama yeye, mwezi nautupia jicho tu.

Wewe ukaniuliza nimeona nini. Ningesema sikutazama, ungeuliza kwa nini. Nikisema kwa nini, navunja ahadi. Kwa maana alipotoka kwa daktari mara ya kwanza, akili yake ikiwa timamu, alinishika mkono akasema, "Mtoto usimwambie. Ataacha kazi arudi, na kazi yenyewe ameipata kwa taabu. Niapie." Nikaapa. Kwa hiyo nikaandika nilichokiona kwenye kioo, nikajidanganya kwamba si uongo sana.

Hakununa ulipochagua kazi ya huko. Alinuna mchana mmoja. Kesho yake aliwatangazia mtaa mzima kwamba mwanawe anatengeneza macho ya watu.

Sijui kama nimefanya vyema kukuambia. Sijui mambo mengi siku hizi.

Mjomba wako


7 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma. Nimelia kwenye mashine ya kuchonga lenzi, mwenye duka akadhani ni vumbi, akaniletea maji.

Nakuja. Sijaacha kazi, nimeomba ruhusa ya siku chache, kwa hiyo usiseme umevunja ahadi. Nitafika tarehe 11 mchana. Nina betri ya saa kwenye mkoba.

Ila nieleweshe jambo moja, maana nimelizungusha kichwani hadi nimechoka. Niingie hapo mlangoni kama nani? Nikisema mimi ni mwanawe, atakana tena na mimi nitakuwa nimesimama mbele yake, si kwenye simu. Nikikubali kuwa wifi, nitakuwa namwongopea, na nitakuwa marehemu. Mtoto siwezi kuwa, nimekua. Ulimi wangu umezoea kumwita Mama. Nimwite nani?

Bi Maswali


9 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Hii nampa dereva wa basi la asubuhi, aipeleke hapo dukani kwenu kabla hujaondoka.

Mimi mwenyewe siku nyingine ni msoma mita. Nimejifunza kusoma mita. Wewe mwite Mama. Akiuliza kwa nini unamwita hivyo, tutajua la kufanya hapo hapo. Njoo tu.

Mjomba wako


30 Julai

Bi Maswali,

Marahaba ya shikamoo utakayoandika. Natumaini ulifika salama na kiti cha basi hakikuwa kile chenye msumari. Nyumba imepoa tangu uondoke. Goti limetulia, nadhani kwa sababu limejua halitaitwa tena kupanda ngazi.

Kuishusha darubini uani lilikuwa wazo zuri, na naona aibu kwamba sikuliwaza. Mtu mmoja hawezi kuibeba, ni kweli, lakini nilikuwa na ulimi wa kumwomba fundi redio. Niliogopa tu angeuliza kwa nini naishusha. Sasa anajua, na mkewe anajua, na mchana mke wake huja na ufumaji wake wakakaa pamoja na mama yako, na mimi nikalala usingizi wa saa nzima kama mtoto mchanga. Ningejua usingizi uko mtaa huu huu ningeuomba mapema.

Uani anga ni finyu, kati ya ukuta na tangi la maji. Lakini jioni mwezi unapita hapo hapo, na geti naliona. Yeye namwekea kiti. Atlasi sasa, kwa betri yako, kila siku inaonyesha kitu kingine, na mwanzoni alinuna. "Ndefu yangu iko wapi?" akauliza. Nikamwambia subiri, itafika jua likiifikia. Tarehe 15 ikafika. Wewe ulikuwa umelala, umechoka na kufua mapazia, sikukuamsha. Nilitazama kwa jicho langu, Koperniko halisi, na nakuambia kwenye kioo haitetemeki. Angani inatetemeka, kama kitu kilicho chini ya maji. Hilo sikuwa nimekuandikia, kwa sababu nilikuwa nimelisahau. Alipoinama kutazama hakuona kitu, alikuwa amefumba lile jicho la kutazamia. Tulicheka sana. Baadaye aliona.

Sasa kuna jambo hukulisikia, ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Jioni yako ya mwisho, ulipokuwa unafunika darubini uani, sisi tulikuwa jikoni. Najua ulikuwa umeumia. Siku zote ulizokaa alikuita "binti wa miwani", akakushukuru kwa chai kama mgeni anavyoshukuriwa, na ulipomwita Mama aliitika vile anavyowaitikia wasichana wote. Niliuona uso wako.

Alikuwa anamenya viazi. Mikono yake haijasahau, anamenya ganda moja refu mpaka mwisho. Akanigusa bega ili nimtazame, maana midomo yake naisoma vizuri kuliko herufi za risasi. Akasema, "Huyu binti wa miwani ana adabu."

Nikasema ndiyo.

"Anafanya kazi bila kutumwa. Na anauliza vitu kwa upole, hata kama anauliza sana."

Nikasema ndiyo, anauliza sana.

"Mama yake ni nani?"

Nilifikiria wifi, nilifikiria msoma mita, nilifikiria yote niliyokwisha kumdanganya yeye na wewe. Nikachoka kufikiria. Nikamwambia, "Ni wewe."

Aliweka kisu chini. Alinitazama, akatazama mlango wa uani, mgongo wako ulikuwa unaonekana hapo, unahangaika na kamba. Akacheka, kile kicheko chake cha kuficha meno kwa kiganja.

"Basi nilimlea vizuri," akasema, akachukua kiazi kingine.

Nilitaka kukuita. Lakini ulipoingia alikuwa ameshaenda kwingine, anatafuta kifuniko cha sufuria iliyouzwa zamani. Nikaona bora nikuandikie, ili ukae na barua mkononi na uisome tena ukitaka.

Jana jioni aliniuliza tena, yule binti wa miwani mama yake ni nani. Nikamjibu tena. Alifurahi kama hajawahi kuambiwa.

Mjomba wako